London kwa bajeti ya kubana: mbona makumbusho ni bure halafu kanisani unalipa?

#1 Mtoto wa Chumbageni
Habari zenu wakuu. Mwezi wa tano nina mkutano wa kikazi Birmingham. Ofisi inalipia ndege na malazi ya huko tu. Nimeomba nibaki wiki moja zaidi niione London kwa hela yangu, na hela yenyewe ni pauni 350 kwa kila kitu: kulala, kula, kuzunguka.

Nimeanza kupiga hesabu za viingilio nikakutana na jambo linanichanganya. British Museum bure. National Gallery bure. Natural History Museum, V&A (Victoria and Albert Museum), Tate Modern, kote bure. Nikageukia makanisani nikijua huko ndiko kwa kupumzisha mfuko: Westminster Abbey wanataka karibu laki moja ya kwetu kwa kichwa, na St Paul's haiko mbali na hapo. Kwetu kanisani unaingia bila kuulizwa, kiingilio unalipa Makumbusho ya Taifa. Wenzetu imekuwaje? Anayejua anieleweshe, na mwenye mbinu za kuishi London kwa hela ya mawazo azimwage hapa.

#2 Kipanga
Nimekaa siti ya mbele, waje wajuzi.

#3 Dada wa Barking
Karibu sana kaka. Mimi naishi huku, nianze na usafiri maana ndipo wageni wengi wanapoliwa hela.

Ukitua Heathrow utakutana na mabango ya Heathrow Express. Yapite. Hiyo treni ni dakika kumi na tano tu lakini ni kama pauni 25. Kuna Elizabeth line, hiyo ni zaidi ya 13. Wewe shuka chini kapande Piccadilly line, ni kama pauni 6. Inachukua karibu saa nzima, ila unafika katikati ya mji kabisa.

Ukishafika mjini, achana na treni, panda mabasi. Nauli ni £1.75 na ukishagusa kadi unaruhusiwa kubadilisha mabasi mengine ndani ya saa moja bila kukatwa tena. Ukipanda mabasi tu, kuna kikomo cha siku: ukifika £5.25 hukatwi zaidi hata ukizunguka mpaka usiku. Panda ghorofa ya juu, siti ya mbele kabisa kwenye kioo, unaona mji wote. Na usimpe dereva noti, mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu 2014.

#4 Pwani254
Dada amesema ukweli mtupu. Naongezea: ile ramani ya treni za chini isikudanganye. Inachorwa kwa unadhifu, haionyeshi umbali halisi. Mimi nilipanda treni Leicester Square nikashuka Covent Garden, kumbe ni mita mia tatu hazifiki. Watu walikuwa wanatembea juu kwa miguu na wanafika kabla yangu. Kabla hujagusa kadi, angalia kwanza kama unaweza kutembea.

Kwa basi chukua namba 11, inapita Westminster, St Paul's mpaka Liverpool Street. Watu hulipa pesa nyingi kwa yale mabasi ya watalii yasiyo na paa, na njia ni ile ile.

#5 Dada wa Barking
Pwani254, namba 11 ilibadilishwa njia 2023. Siku hizi inaishia Waterloo, St Paul's haifiki. Ya kuchukua ni 15: Trafalgar Square, Fleet Street, St Paul's, Tower of London.

#6 Mwalimu wa Sengerema
Tujibu swali la msingi la mleta mada. British Museum ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1753. Daktari mmoja, Hans Sloane, alikufa akiwa na mkusanyiko mkubwa wa vitu, Bunge likaununua kwa fedha za bahati nasibu, na 1759 milango ikafunguliwa. Tangu mwanzo iliwekwa kuwa mali ya umma, na mali ya umma mwananchi hailipii mara mbili. Kanisa halikuanzishwa na Bunge kwa namna hiyo, linajitegemea. Ndiyo sababu.

#7 Mhasibu Mstaafu
Mwalimu, shukrani, ila historia hiyo ina mashimo. Siku za mwanzo British Museum haikuwa ya kuingia tu, ulikuwa unaandika maombi na kusubiri tiketi. Mwaka 1974 serikali iliweka kiingilio, ikafa baada ya miezi michache serikali ilipobadilika. Natural History Museum walitoza kuanzia 1987, Science Museum wakafuata 1988. V&A walianza kwa kuomba mchango mlangoni, baadaye wakatoza kabisa. Kote huko ilikuja kurudi bure Desemba 2001. Kwa hiyo hiyo "bure" tunayoiona leo ni uamuzi wa kisiasa wa juzi tu, si urithi wa 1753.

Na kilichowezesha ni kodi. VAT unarudishiwa kama unauza kitu. Makumbusho inayotoza kiingilio inauza, kwa hiyo ilikuwa inarudishiwa VAT ya manunuzi yake: ukarabati wa paa, umeme, kompyuta. Isiyotoza ilikuwa hairudishiwi chochote. Yaani mwenye kufungua mlango bure ndiye aliyekuwa anaadhibiwa! 2001 wakarekebisha sheria, makumbusho za taifa zilizo bure nazo zikaanza kurudishiwa. Nimefanya kazi za kodi maisha yangu yote, naamini hapo ndipo jibu lilipo. Ukitaka kujua kwa nini kitu ni bure, angalia nani anarudishiwa nini.

#8 Kipanga
Wazee mnazunguka mbuyu. Mle British Museum kuna nini? Shaba za Benin, Nigeria ya leo, zilibebwa 1897 Waingereza walipouteka mji. Marumaru za Ugiriki. Shoka za mawe kutoka Olduvai kwetu. Huwezi kumchukulia mtu ng'ombe wake halafu umtoze kiingilio kuja kumwangalia zizini. Wanaona haya, hilo ndilo jibu. Na sheria yao ya 1963 inaizuia British Museum kurudisha, kwa hiyo wamebaki na njia moja: kutufungulia mlango.

#9 Mama Wawili
Kipanga leo hajalala 😂 Ila kasema.

#10 Nyuki wa Tabora
Kipanga, hoja yako inagonga mwamba Paris. Louvre nayo imejaa vitu vya watu, na tangu Januari 2026 sisi tunaotoka nje ya Ulaya tunalipa euro 32, zaidi ya wenyeji. Kama haya ingekuwa ndiyo sababu, Wafaransa nao wangeona haya.

#11 Kipanga
Haya ya mtu na mtu hazilingani mkuu.

#12 Mzee wa Kibosho
Mimi niliingia Westminster bure kabisa, hakuna aliyeniuliza hata senti. Nilikaa, nikasali rozari yangu, nikatoka. Kwa hiyo mleta mada aangalie vizuri.

#13 Dada wa Barking
Mzee wangu shikamoo. Ulikoingia ni Westminster Cathedral, kanisa la Wakatoliki karibu na kituo cha Victoria, lile la matofali mekundu yenye mistari myeupe. Hilo ni bure kweli. Westminster Abbey ni jingine, liko pale kwenye Bunge, ndiko wanakotawazia wafalme. Wengi huyachanganya.

#14 Mzee wa Kibosho
Marahaba mwanangu. Basi mleta mada aende hilo la kwetu, lina mosaiki nzuri sana na Mungu ni yule yule.

#15 Shemasi Kijana
Amina mzee 🙏 Niongezee kwa upande wa Anglikana. Abbey haiko chini ya askofu yeyote, iko chini ya mfalme moja kwa moja. Wao wenyewe hueleza kwamba hawapati ruzuku ya serikali, wala ya Kanisa, wala ya Ikulu ya mfalme. Jengo lenye zaidi ya miaka 700, mawe yanameguka, vioo vinapasuka, walinzi, umeme. Kiingilio kwa watalii ndicho kinacholiendesha.

Ila kusali hakuna kiingilio. Nenda kwenye Evensong, ibada ya jioni yenye kwaya, kwa kawaida saa 11 jioni. Mwambie mhudumu wa mlangoni umekuja ibadani. Ukibahatika utakalishwa kwenye viti vya mbao pembeni kabisa ya kwaya, watoto wanaimba umbali wa hatua chache na sauti inapanda mpaka juu kwenye matao. Niliisikia zaburi pale nikatetemeka. St Paul's nao wana Evensong, na ni bure pia.

#16 Nyuki wa Tabora
Kwa hiyo tunamfundisha mleta mada kujifanya muumini ili akwepe kiingilio?

#17 Shemasi Kijana
Hapana ndugu. Ukiingia kwa ibada huruhusiwi kuzunguka wala kupiga picha. Unakaa, unasali, unatoka. Anayetaka kuona makaburi alipe kama wengine. Vyote viwili ni halali, mradi mtu ajue amekuja kufanya nini.

#18 Pwani254
Hapo kwa makaburi, mimi nilimuona Livingstone. Jiwe jeusi sakafuni katikati ya kanisa, watu wanapita juu yake wakiangalia dari. Limeandikwa kwamba aliletwa na mikono aminifu kupitia nchi kavu na bahari. Mikono ya nani? Watumishi wake Chuma na Susi hawakutajwa. Watu walimbeba tangu kijiji cha Chitambo huko Zambia ya leo mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,500, na moyo wake waliuzika kule kule alikofia. Akazikwa London Aprili 1874. Nilisimama pale nikakasirika kabisa. Jina la aliyebebwa limechongwa kwa herufi kubwa, na waliobeba ni "mikono".

#19 Mwana wa Bagamoyo
Umenigusa. Mwili ulilala kwetu, mnara wa kanisa la misheni mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Na kwenye mazishi yale alikuwepo Mwafrika mmoja, Jacob Wainwright, alisafiri na jeneza na akawa miongoni mwa waliolibeba. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha. Kwangu mimi pauni zile ningezilipa kwa ajili ya jiwe hilo tu.

#20 Mtoto wa Chumbageni
Wakuu asanteni, nasoma kila kitu. Swali la viza: rafiki yangu kaniambia lazima nipime kifua kikuu kwanza na gharama yake inauma. Na je, mwenzangu ana viza ya Schengen, anaweza kunifuata London wikiendi?

#21 Mhasibu Mstaafu
Kipimo cha TB ni kwa anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita. Mgeni wa matembezi au mkutano hahusiki, aliyekuambia alikuwa anaomba viza ya masomo pengine. Viza ya kutembelea ya miezi sita ilikuwa £127 mwaka 2025, zaidi ya laki nne, na wakikunyima hairudi. Schengen haikuingizi Uingereza, ni viza mbili tofauti. Mwenzako abaki huko huko au aombe ya kwake mapema.

#22 Mama Wawili
Tuongee tumbo sasa, maana hapa mnajadili VAT na mtu atakufa njaa. Asubuhi kula hosteli kama wana jiko. Mchana kwenye supamaketi kuna mpango wa sandwichi, kinywaji na kitafunwa kwa pamoja, ni kama pauni 4. Usinunue maji! Ya bombani ni salama, beba chupa. Hata mgahawa unaouza pombe unawajibika kisheria kukupa maji ya bomba bure ukiomba.

Jioni ukikumbuka nyumbani nenda soko la Ridley Road kule Dalston, au Rye Lane, Peckham. Ndizi, mihogo, samaki, mbuzi, vyote vipo na bei si za katikati ya mji. Unga wa sembe utaupata, usonge ugali wako hosteli wenzako washangae.

#23 Kakakuona
Kuna pia gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, kule Southall, Sri Guru Singh Sabha. Chakula cha mboga, bure, kwa mtu wa dini yoyote. Unafunika kichwa, unavua viatu, unakaa sakafuni na wengine. Chapati na dengu zao! Hawakuulizi umetoka wapi. Nilipokuwa mwanafunzi pale ndipo palinishika mkono, na nilikuwa nabaki kuosha sahani kama shukrani. Mleta mada ukienda fanya hivyo hivyo, usiende kula na kuondoka tu.

Na hapo utaona, wako wanaofungua mlango na kukulisha juu bila serikali kuwapa ruzuku ya mlangoni. Kwa hiyo hoja ya Shemasi kwamba jengo la ibada haliwezi kuishi bila kiingilio mimi sijaikubali.

#24 Shemasi Kijana
Gurdwara ina waumini wengi wanaochangia kila wiki. Abbey inapokea watalii ambao wengi hawatarudi maishani. Mfadhili wake ni mpita njia, atachangiaje kama si mlangoni?

#25 Nyuki wa Tabora
Na Southwark Cathedral je? Ni Anglikana, ni la kale, liko pale karibu na London Bridge na watalii wamejaa, lakini kuingia ni bure, wanaomba mchango tu. Shemasi hapo unasemaje?

#26 Shemasi Kijana
Southwark haizidiwi na umati kama Abbey. Kiingilio pia ni njia ya kupunguza watu. Bila hivyo ibada zisingefanyika kwa kelele.

#27 Kipanga
Tayari tumepata sababu mpya. Mwanzo ilikuwa paa, sasa ni kelele.

#28 Binti Muscat
Salaam kutoka Oman. Mimi naona ni biashara ya akili tu. British Museum mlango ni bure, lakini yale maonyesho maalumu ya muda yana tiketi, tena si ndogo. Kuna duka kila kona, mgahawa, kisanduku cha mchango. Mtu akiingia bure anakaa saa nne, anapata njaa, ananunua. Kanisa halina cha kukuuzia kwa saa nne, kwa hiyo linakushika mlangoni. Kaka, pita maduka yote bila kugeuza shingo.

Na Ijumaa makumbusho hufunga usiku: British Museum saa 2:30, National Gallery saa 3, V&A saa 4. Saa hizo vikundi vya shule vimeshaondoka, unabaki na picha zako kwa raha.

#29 Mwalimu wa Sengerema
Akipita Natural History Museum asiache kumuona yule dinosaria wetu wa Tendaguru, Lindi. Yuko ukumbi mkuu, mkubwa ajabu.

#30 Mwana wa Lindi
Mwalimu, yule mrefu wa Tendaguru yuko Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. London waliyekuwa naye ukumbi mkuu ni Dippy, nakala ya mifupa iliyochimbwa Marekani, na tangu 2017 amempisha nyangumi. Ila Waingereza nao walichimba Tendaguru, 1924 hadi 1931, na mifupa waliyochukua iko kwenye hazina ya makumbusho hiyo hiyo. Mlango ni bure, lakini ya kwetu huwezi kuiona kwa sababu haiko ukumbini. Babu zetu ndio walioibeba kwa vichwa mpaka bandarini Lindi. Hapo ndipo ninapokubaliana na Kipanga nusu.

#31 Kipanga
Nusu naipokea.

#32 Pwani254
Vingine vya bure: Sky Garden na Horizon 22, unaona London yote kutoka juu, lazima uweke nafasi mtandaoni mapema, zinaisha haraka. Ukikosa, panda Primrose Hill au kilima cha Greenwich Park. Greenwich watu wanalipa kuingia ua wa Royal Observatory, kituo cha kale cha kuangalia nyota, kusimama kwenye mstari wa longitudo sifuri, lakini mstari huo huo unaendelea nje ya ukuta, kwenye kijia cha umma chini kidogo. Weka mguu mmoja mashariki na mmoja magharibi, bure. Halafu pita chini ya mto Thames kwa miguu, kuna handaki la watembea kwa miguu tangu 1902. Ukuta wa vigae vyeupe, maji yanadondoka hapa na pale, na kichwani kwako kuna meli.

Mwenye kupenda siasa anaweza kukaa roshani ya Bunge kusikiliza mjadala, ni foleni tu. Mahakama ya Old Bailey pia, ila simu hawakuruhusu kuingia nayo na hawakuwa na pa kukuwekea.

#33 Mama Wawili
Kuna mtu kataja malazi? Kitanda cha hosteli ni kati ya pauni 25 na 40 kwa usiku, wikiendi inapanda. Nilishalala sehemu moja nikatozwa taulo, kufuli na hata kuhifadhi begi baada ya kuondoka. Beba kufuli lako na kanga ya kujifutia.

#34 Mtoto wa Chumbageni
Mmenisaidia kuliko nilivyotegemea. Rasimu: Jumapili naingia. Jumatatu British Museum. Jumanne asubuhi Buckingham kuona askari wakibadilishana zamu, jioni Evensong. Jumatano Greenwich. Alhamisi Ridley Road na Peckham. Ijumaa V&A mpaka usiku. Jumamosi Southall, na nitaosha sahani. Kiingilio cha Abbey nimekiweka pembeni kwa ajili ya lile jiwe. Mke wangu huenda akapata nafasi ya kuja, kadi yangu ya benki tutaigusa mara mbili kwenye basi?

#35 Dada wa Barking
Jumanne hakuna kubadilishana zamu. Ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili, saa 5 asubuhi, na ukitaka kuona kitu fika mapema. Hamisha na Greenwich. Kadi moja ni mtu mmoja, shemeji aje na ya kwake. Na ulizeni benki yenu kwanza makato ya kutumia kadi nje, kuna benki zinakata kila ukigusa.

#36 Mhasibu Mstaafu
Bado namsubiri mtu anijibu: kama ni kuona haya, mbona 1987 Natural History walitoza na mifupa ya Lindi ikiwa ndani?

#37 Kipanga
Na kama ni VAT, mbona British Museum miaka hiyo ya themanini na tisini ilibaki bure wakati hairudishiwi hata senti? Jibu wewe kwanza mzee wangu, na mimi nitajibu ya kwako.